Sindano ya Aba Halake

Vijana wangu wa makoti meupe, ile karatasi yenu ya nyuso nimeiona. Sura ya kwanza inacheka, ya mwisho inabubujikwa na machozi, na mgonjwa anaambiwa achague iliyo yake ili mjue dawa ya maumivu mtampa kiasi gani. Juzi mmoja wenu alimwonyesha mzee wa Kiborana aliyevunjika nyonga. Mzee akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna wengine, akasema, "Hapa hakuna mtu mimi najua." Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikiwa nimenyong'onyea, kwa sababu mzee yule alinikumbusha mtu mwingine.

Jina langu ni Kirimi. Nilishuka Isiolo kutoka milimani kwa Wameru nikiwa kijana, na tangu hapo sijapanda tena ila kwa harusi na mazishi. Nilikuwa kompaunda, yaani mtu wa kuchanganya dawa na kuzitoa, katika kliniki ya binafsi ya Daktari Menezes, Mgoa mmoja mnene mwenye roho nzuri na sauti ya kugomba. Kompaunda wa miaka ile ya vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, alikuwa kila kitu. Nilichoma sindano, nilifunga vidonda, nilitafsiri Kiborana, na siku za mnada nilifukuza mbuzi mlangoni. Mnaponiuliza mofini ilitolewa kwa nani na kwa kiasi gani, mnadhani nina jibu nimelificha. Nitawaambia ninachojua, nanyi mtaona kinaishia wapi.

Sindano zetu zilikuwa za kioo. Unaichemsha juu ya stovu ya mafuta ya taa, halafu unaiacha ipoe yenyewe, na ukiwa na haraka ukaimwagia maji baridi unabaki na vipande mkononi na Daktari anagomba mpaka saa ya chakula. Ncha tuliinoa wenyewe kwa jiwe laini. Ukitaka kujua kama imekuwa sawa unaivuta juu ya pamba: ikishika uzi, bado ina meno, rudi kwenye jiwe. Haya hamtayahitaji, najua. Ninyi mnachana karatasi, mnachoma, mnatupa. Mimi mpaka leo nikiona sindano nzima inatupwa, nasikia vibaya.

Mofini ilikaa ndani ya kabati la sumu, na ndani ya kabati hilo kulikuwa na kabati dogo. Ufunguo wa nje ulikuwa wangu na wa ndani ulikuwa wa Daktari, ili asiwepo wa kuifikia peke yake. Miaka ile walinzi wa usalama waliogopa dawa kama hiyo isije ikavuka kwenda porini kwa wapiganaji, kwa hiyo tuliambiwa isitoke nje ya kliniki hata chupa moja. Anayeitaka aje alale kwetu, kwenye vile vitanda vichache vya nyuma. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima kilikuwa robo greni. Msiniulize ni miligramu ngapi, simu mnazo.

Aliyenifundisha kazi ni Marete, dresa, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya misheni kule milimani, mtu mkali asiyecheka hata akilipwa. Alisema hesabu pumzi za mgonjwa kabla ya kuchoma na uzihesabu tena baadaye. Ukiona mboni za macho zimekuwa ndogo na mgonjwa anajikunakuna pua, ujue dawa imefika. Siku hiyohiyo mpe kitu cha kulegeza tumbo, maana mofini hufunga choo, na mgonjwa atakulaani kwa hilo kuliko kwa ugonjwa wake. Halafu alisema, "Usoni watu hudanganya. Wewe tazama vidole vya miguu."

Niliposhuka Isiolo niliona Marete alisema kweli. Wazee wa Kiborana na wa Kiturkana wamefunzwa tangu utoto kwamba mwanamume hakunji uso. Unaweza kumshona bila ganzi akakuuliza habari za nyumbani. Lakini vidole vya miguu havikufunzwa. Vilijikunja chini ya blanketi, nami nilifunua blanketi nikajiona mganga mkuu. Kisha siku moja akaja mama wa Kiturkana, uso umetulia, vidole vinajikunja na kukunjuka bila kupumzika. Nikamkimbilia Daktari, nikamwambia huyu ana maumivu makali ajabu, tufungue kabati. Daktari akainama, akavaa miwani, akavua miwani.

"Kirimi," akasema, "hii mama iko na funza."

Wiki nzima aliniita Profesa wa Vidole. Tangu hapo sikujua tena nitazame wapi.

Sasa sikilizeni jambo la kliniki ya binafsi, maana wengi wenu ndiko mnakokimbilia. Katika hospitali ya serikali mgonjwa ni yule aliyelala kitandani. Katika kliniki ya binafsi mgonjwa ni yule anayelipa, na mara nyingi siye aliyelala. Tena anayelipa hataki vidonge vyeupe ambavyo angepewa bure kwingine. Anataka sindano. Ukimpa aspirini anakutazama kana kwamba umemwibia. Daktari Menezes aliyajua haya, naye alikuwa na kodi ya nyumba kama mtu yeyote, lakini msidhani alichoma watu kwa ajili ya pesa tu. Alichukia maumivu. Akimwona mtu anateseka alikasirika kama aliyetukanwa yeye.

Tulikuwa na mteja mmoja, mfanyabiashara wa miraa, jina lake Mwiti, mtu wa kwetu. Alikuja mara ya kwanza amejikunja mpaka magoti yanagusa kidevu. Daktari akasema ni mawe ya figo, akaagiza pethidini, ambayo ni ndugu ya mofini, na Mwiti akalala usingizi ambao mla miraa hajapata kuuona. Baada ya hapo mawe yalirudi kila wiki. Alikuja akitembea wima, anasalimia watu barabarani, na akifika mlangoni ndipo anapojikunja.

Nikamwambia Daktari, "Huyu hana mawe. Anataka usingizi."

"Wewe umeingia ndani yake ukaona?" akanigombea. "Nikimnyima, na kweli iko mawe?"

Nikafungua kabati. Halafu barabara zikaharibika, magari yakawa hayatembei ila kwa msafara wenye askari, na miraa ikawa haifiki au inafika imekauka. Mwiti akakosa cha kutafuna, akalala mwenyewe, na kliniki akaisahau. Nikamtania Daktari kwamba Shifta wamemtibu mgonjwa wake. Nilicheka hivyo miaka mingi. Kisha Mwiti akaenda kupasuliwa hospitali kubwa, akarudi, akapita kwangu, akafungua karatasi juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na jiwe la rangi ya kahawia. Alilikunja tena jiwe lake akaenda zake. Alikuwa na mawe na alikuwa anataka usingizi, yote mawili, na ni sindano ipi ilikuwa ya lipi mimi sijui.

Nimewaambia habari ya Mwiti ili msidhani kwamba tatizo la dawa hizi ni watu wanaozitaka sana tu. Aliyenichanganya kuliko wote ni mtu aliyezikataa.

Jina lake ni Wario, lakini tulimwita Aba Halake, yaani baba yake Halake, kama Waborana wanavyomheshimu mtu kwa mtoto wake wa kwanza. Halake mwenyewe alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na mbuzi hapa mjini, kijana mwenye saa kubwa mkononi, aliyelelewa kwa mjomba wake dukani na si malishoni. Baba yake alikuwa mzee mrefu mwenye donda la koo, ile saratani inayofunga njia ya chakula. Alikuwa hamezi ila maziwa kwa matone, na maumivu yalikuwa yameshuka mgongoni. Kidonge kisingepita. Kilichobaki ni sindano, na Halake alimleta kwetu akamlipia kitanda ili aipate.

Daktari alimpima, akatoka nje akasimama uani kwa muda, akarudi akaandika: mofini, robo greni, ikihitajika.

Nilichemsha sindano, nikaipoza, nikamkaribia. Mzee akanishika mkono. Alizungumza Kiborana, nami nawasimulia kwa Kiswahili.

"Kijana wa Meru, hii ndiyo ile dawa inayolaza?"

"Ndiyo, Aba Halake. Itaondoa uchungu."

"Itaondoa na mimi. Irudishe. Mimi nangoja mtu."

Mtu aliyemngoja alikuwa binti yake, Talaso, aliyeolewa kule Korbesa. Mzee alipoanza kuugua na kuja mjini, alimwachia Talaso na mumewe ng'ombe wake wote. Kisha watu wa upande ule wakaamriwa wakae pamoja ndani ya vijiji vyenye uzio, na anayeonekana nje bila ruhusa anahesabiwa kuwa Shifta. Mzee alituma neno ng'ombe wakimbizwe mbali, upande wa Sericho. Talaso alikuwa na watoto wadogo. Aliingia uani mwa kijiji pamoja na watoto na ng'ombe, kama alivyoamriwa. Nyasi za karibu zikaisha, na ng'ombe wakafa wakitazama nyasi za mbali. Habari ilipomfikia mzee, alisimama mbele ya watu msikitini akasema, "Mdomo wangu hauna mtoto anayeitwa Talaso."

Kwa watu wengine hayo ni maneno ya hasira, yanapita. Kwa Waborana baba akikuondoa mdomoni, umeondoka. Binti mkubwa wa Talaso alikuwa amechumbiwa, na wazee wa upande wa mchumba wakarudi nyuma wakasema hawawezi kuoa kwa mwanamke ambaye baba yake amemfuta. Na mdomo uliofunga ndio unaofungua, hakuna mwingine. Mzee alikuwa amekwisha kujua kwamba Talaso hakuwa na njia nyingine. Alijuta vibaya sana. Alitaka Talaso aje, amwekee mkono kichwani, ambariki kwa jina lake mbele ya nduguye, halafu afe.

"Mdomo uliolewa dawa si mdomo wangu," aliniambia. "Akija akanikuta nimelala, nimemwua."

Halake alikuwa ameomba ruhusa ya Talaso kusafiri, na ruhusa ilikuwa imetoka, lakini msafara wa kutoka upande wa Merti na Korbesa ulikuwa unaahirishwa. Leo barabara imefungwa, kesho lori halina mafuta. Na sisi tukawa tunangoja, mzee akiwa kwenye kitanda cha nyuma, uso wake umetulia, shingo inatoka jasho, shuka limelowa asubuhi kwa asubuhi. Hakulia. Alisoma aya chache alizozijua kwa sauti ya kukwaruza, anarudia, anarudia.

Halake hakuvumilia. Alinifuata kwenye kaunta.

"Salaam aleikum, Dokta. Wewe unaona mzee wangu? Unaona au huoni?"

"Namwona."

"Sasa unangoja nini? Daktari ameandika. Mimi nimelipa. Dunga yeye."

"Amekataa."

"Amekataa! Mtu anaungua ndani, unamuuliza yeye? Uchungu ndio inaongea. Dunga yeye, Dokta, nakuomba kama ndugu yako."

Nikaenda kwa Daktari, nikamuuliza ile "ikihitajika" aliyoandika, ni nani anayehitaji. Nilitaka jibu la neno moja. Daktari alinitazama, akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Kirimi, mimi naandika hii neno miaka yote," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Akaenda kuongea na mzee mwenyewe, nami nikitafsiri. Mzee akasema ngoja. Daktari akatoka, akakutana na Halake mlangoni, Halake akamwambia dunga. Daktari akarudi kwangu akasema, "Dunga." Nikachemsha sindano. Nilipofika kitandani, mzee hakunishika mkono tena. Alinitazama tu, akasema jina la binti yake. Nikarudi na sindano yangu. Daktari akauliza umedunga, nikasema bado, akasema vizuri, kisha akagomba kwa nini bado. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, vijana, na mkinicheka chekeni. Nilimwonea mzee huruma, nilimkasirikia Halake kwa sababu alikuwa na haki, na kila nilipopita karibu na kile chumba nilitamani nirudi kwetu nikalime viazi.

Mzee mwenyewe ndiye aliyelegeza kidogo. Asubuhi moja aliniuliza kama dawa inaweza kutolewa kidogo, kama mtu anavyoonja chai. Daktari akasema tutampa nusu ya kipimo, asubuhi tu, tuone. Lakini tutajuaje kama akili yake imebaki? Siku hizi mnauliza mgonjwa leo ni siku gani na rais ni nani. Mzee wa Korbesa hajali leo ni siku gani.

Aba Halake akasema, "Niulizeni ng'ombe."

Mfugaji wa Kiborana anajua ng'ombe wake kwa mama zao. Atakutajia mwekundu aliyezaa mweusi mwenye doa, na mweusi mwenye doa akamzaa fulani, mpaka mama wa kwanza aliyetoka kwa mtu fulani kama mahari. Mtu aliyelewa hawezi. Basi tukapatana hivyo. Asubuhi nachoma nusu, nangoja kidogo, naketi kwenye stuli, namwambia, "Haya, Aba Halake, ng'ombe." Naye anafumba macho anaanza, polepole, kwa utaratibu, mama na binti, mama na binti, rangi na pembe, bila kukwama. Vidonda vya midomo yake vilikuwa vinamuuma, lakini kwa ng'ombe alitabasamu. Mimi ninayejua viazi na mbuzi wawili wa mama yangu nilisikiliza kwa raha, nikaenda kwa Daktari nikamwambia akili ni timamu. Daktari alifurahi mpaka akaninunulia soda. Halake alifurahi. Tulijiona tumepata njia ambayo haimo kitabuni.

Msafara ulifika siku ya mnada, kabla ya adhuhuri. Talaso aliingia kliniki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, amebeba kibuyu cha maziwa aliyoyatoa Korbesa na ambayo yalikuwa yamekwisha kuganda. Alinisalimu akiwa ameinama, akaomba maji anawe. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alishindwa kufungua bomba letu lililokaza, nikamfungulia.

Tuliingia wote, Halake, mimi na yeye. Mzee alikuwa amepata nusu yake asubuhi. Alifumbua macho akamwona binti amepiga magoti kando ya kitanda, na uso wake ukachangamka, sijapata kumwona hivyo. Akainua mkono, mkono wote mifupa, akauweka juu ya kichwa cha Talaso.

"Dabo," akasema. "Dabo, ukae na amani. Maziwa yako yasikauke. Watoto wako wazae. Mvua ikufuate uendako."

Talaso aliitikia "amin" kila neno, kichwa kimeinama. Mimi sikuelewa kwa nini Halake amekuwa mweupe midomo.

"Aba," Halake akasema. "Aba, huyu Talaso."

Mzee akacheka kidogo. "Dabo, mwambie huyu kijana asipige kelele. Anaogopesha ndama."

Dabo lilikuwa jina la mama yao, marehemu. Nilipoelezwa nilisema haiwezekani, akili yake iko sawa, nimeipima kila asubuhi. Nikaketi kwenye stuli mbele yao nikamwambia, "Aba Halake, ng'ombe." Mzee akaanza, vilevile, mama na binti, bila kukwama. Talaso akainua kichwa, akasikiliza. Alikuwa amewachunga ng'ombe wa baba yake tangu utoto na amewaona wakifa mmoja mmoja, alikuwa anawajua kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hawa si wetu," akaniambia taratibu. "Hawa ni ng'ombe wa babu. Alichunga hawa akiwa mtoto. Hata mimi hapana kuona hawa. Nilisikia tu kwa hadithi."

"Basi anakosea?"

"Hapana. Wote ni sawasawa. Hapana ruka hata mmoja."

Basi nilikaa pale kwenye stuli kama mjinga. Asubuhi zote zile nilizokuwa nikitangaza kwamba mzee yupo, alikuwa kwa baba yake, mtoto mdogo mwenye fimbo. Au alikuwapo na kule pia alikuwapo. Daktari alipokuja nikamweleza, akakaa kwenye kitanda kitupu cha jirani.

"Inaweza kuwa dawa," akasema. "Inaweza kuwa ugonjwa, hii sumu inapanda kichwani. Inaweza kuwa furaha. Mimi sijui, Kirimi. Usinitazame hivyo, mimi sijui."

Halake ndiye aliyekuja juu. Halake yuleyule aliyenifuata kwenye kaunta siku zote akisema dunga, sasa alisimama kati yangu na kitanda. "Basi hakuna kudunga tena! Mumuache hivi. Dawa itoke, arudi, aseme jina yake. Jina yake, Daktari, si ya mama. Huko Korbesa wazee watauliza mimi, nimesikia nini? Nitasema nini?"

"Tukiacha mpaka kesho kutwa," Daktari akasema, "labda atamjua. Labda atapata uchungu tu, bila kumjua mtu." Alimgeukia Halake, kwa mazoea, kwa sababu Halake ndiye mwenye kitanda. Kisha akageuka pole kwa Talaso. "Mama, wewe unasema nini?"

Nilitafsiri, ingawa alikuwa ameelewa. Jasho lilikuwa limeanza tena shingoni mwa mzee. Nusu ya asubuhi ilikuwa inaisha. Talaso alimfuta kwa ncha ya leso yake.

"Halake, ulimwona hivi siku ngapi?" akamuuliza nduguye.

Halake akaizungusha saa yake mkononi.

"Ulimwona. Mimi namwona leo tu na imenitosha." Akanigeukia. "Dokta, ile nzima iko?"

"Iko."

"Mpe nzima."

"Na jina?" Halake akasema. Alikuwa analia, mtu mzima na saa yake. "Msichana wako? Wazee watauliza jina, Talaso."

"Watauliza."

"Utawaambia nini?"

"Mkono ulikuwa juu ya kichwa. Kichwa ni yangu." Akakunja leso. "Wakikubali, wakubali. Wakikataa, msichana yangu atakaa na mimi."

Nilitoa ufunguo wangu, Daktari akatoa wake. Nilichemsha sindano, nikangoja ipoe, na niwaambieni ukweli, sikujua kama ninampa mtu raha au ninafunga mlango ambao ungefunguka kesho. Hata leo mkiniuliza sijui. Halake alitoka nje. Nikamgeuza mzee ubavu, nikasafisha ngozi, nikachoma robo greni nzima, nikahesabu pumzi.

Talaso alibaki magotini. Mzee, kabla hajalala, aliita tena, kwa sauti ya kijana anayemwita mke wake kutoka zizini: "Dabo!"

"Nipo," akaitika, na aliendelea kuitika kwa jina hilo mpaka mzee alipoacha kuita.